Kijino cha mtutu wa kushoto

Arusha,
Jumapili jioni

Ndugu yangu Saidi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mama Rehema mzima, goti langu la kulia si zima ila hilo limeshazoea kutosalimiwa. Natumaini wewe na shemeji hamjambo na mpunga umeingia ndani kabla maji hayajapanda. Dhumuni la barua hii... acha, nikianza na dhumuni la barua hii nitajikuta nimerudi darasa la sita, mwalimu kasimama nyuma yangu na fimbo.

Usishtuke kuona karatasi badala ya simu. Simu nimepiga mara tatu mwezi huu, mwenyewe unajua. Kila ukipokea tunaongea mvua, tunaongea bei ya gunia, unanitania kwamba huku tunakula ndizi mpaka tumeota mikia, salio linakata. Na neno lenyewe halisemeki salio likiwa ukingoni.

Ni habari ya dabo ya Mzee, ile bunduki ya mitutu miwili tuliyokuwa tukimbebea kwenye uwindaji. Na ya yule mbogo wa Kilombero.

Najua. Usiikunje kwanza, mtani, soma mpaka mwisho, halafu uwashie jiko ukitaka.

Yule binti mdogo wa Mzee, uliyekuwa ukimbeba mabegani kambini, sasa ni mama wa watu. Bunduki ilikaa polisi tangu msiba mpaka mirathi ilipokwisha, leseni ikatoka kwa jina lake, akatuletea hapa karakana. Kaishika mwenyewe kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Kijana wake anasomea uwindaji bingwa na anataka apewe urithi wa babu, lakini iwekwe mitutu mipya ya kaliba ya .470. Anasema .458 iliyopo imepitwa. Bosi akaniangalia mimi. Nikasema niachieni wiki moja niikague.

Jumatano nikaifungua. Unakumbuka ulivyokuwa ukiifungua wewe: mbao ya mbele kwanza, halafu unaivunja, mitutu inashuka mkononi taratibu. Nikaigeuza juu chini, nikapaka mafuta ya taa pale kwenye ubapa inapokalia mtambo wa kufyatulia, pale ambapo sisi tulikuwa tunapitisha kitambaa na kuendelea na safari. Uchafu ukatoka mweusi kama masizi ya kibatari. Chini yake kuna maandishi. Madogo, yamegongwa, mengine yamepitiwa na tupa lakini hayakufutika. Nikavaa miwani. CORDITE 70-480 MAX.

Greni 70 za kodaiti, ile baruti ya zamani, na risasi yenye uzito wa greni 480, usizidishe. Huo si mzigo wa .458 hata kidogo. Huo ni mzigo wa .450 Nitro Express, ile aliyoitoa Rigby wa London mwaka 1898, yenye ganda refu la inchi tatu na robo na kofia, yaani ukingo uliochomoza, nyuma yake. Pembeni ya maandishi hayo kuna mihuri mingine ya Waingereza, mipya zaidi, ya ule mtindo wa kuandika shinikizo kwa tani uliokuja na kanuni zao za 1954. Basi nikaendelea kusugua kwenda mbele. Vidole vinne hivi kutoka nyuma kuna mstari unaozunguka mitutu, mwembamba kama unywele, umefichwa ndani ya nakshi. Ukipitisha ukucha unakwama kidogo. Nikaweka kitambaa chini nikaenda kunywa chai.

Mitutu ile ilikatwa, Saidi. Ilikatwa pale kwenye mstari, kikabaki kisiki cha nyuma, kisiki kikatobolewa, mitutu mingine ikachomekwa ndani yake na kulehemiwa. Sisi tulikuwa tukiambiwa nini kila jioni kwenye moto? «Bunduki hii baba yangu aliinunua 1911, haijaguswa na fundi yeyote.» Na sisi tukawa tunawahadithia wageni, wewe kwa Kiingereza chako cha kuokoteza, mimi kwa mikono. Sasa niambie: risasi ya .458 ilitoka lini? 1956, Winchester, Marekani. Bunduki ya 1911 inakula risasi iliyozaliwa miaka 45 baadaye! Misimu minane tumeibeba, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoa 11 kwenye 56.

Sibezi aliyeikata. Miaka ya 1960 Kynoch wa Birmingham walipoanza kuacha kutengeneza risasi zile kubwa za kizamani, watu wakabaki na bunduki za bei ya shamba zisizo na cha kula. Dabo bila risasi ni mchi, na mchi wake hautwangi. Waliokuwa na hela wakazipeleka kuwekwa mitutu ya .458 kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipatikana. Nadhani hii yetu ilikatwa kabla uwindaji haujafungwa nchini 1973, maana baada ya hapo nani angehangaika.

Lakini hilo si ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Wewe umezishika zote mbili, unajua ganda la .458 lilivyo. Halina kofia. Nyuma kwake ni sawasawa na ubavu wake, lina mkanda na mfuo mdogo. Kwenye bunduki ya bolti, ile ya komeo la kuvuta kwa mkono, hakuna shida, ukucha wa bolti unaushika mfuo unavuta. Dabo haina ukucha. Kitoa maganda cha dabo kinasukuma ile kofia kwa chini, na kama hakuna kofia hakina cha kusukuma. Kwa hiyo fundi anayebadilisha huchonga kijino kidogo chenye springi ndani ya kitoa maganda. Ukiingiza risasi kijino kinarudi nyuma, halafu kinaruka na kukaa kwenye mfuo. Kijino chenyewe ni kama punje ya mchele, tena ule mchele wenu mwembamba.

Cha kulia kimesimama, kikali. Cha kushoto kimelika mpaka kimekuwa mviringo, na springi yake imelegea. Nikaweka ganda tupu kushoto, nikafunga, nikafungua. Likatoka. Nikarudia, likatoka. Mara ya tatu kijino kikateleza juu ya ganda, kitoa maganda kikapanda peke yake kimya kimya, na ganda likabaki ndani. Nimejaribu mara ishirini. Limebaki mara saba.

Kushoto, Saidi.

Nimeandika hapo nikasimama. Mama Rehema kaniuliza kama naumwa.

Mzee alifyatua kulia, mbogo akapiga magoti akainuka. Akafyatua kushoto, ikaenda kusikojulikana. Akaivunja bunduki, wewe ukampa mbili kama ulivyompa mara elfu, moja ikaingia, ya pili ikagoma. Mwenzetu Athumani akawa tayari yuko hewani, karushwa na mbogo. Jioni ile, Athumani kafungwa paja kwa shuka la mgeni, Mzee akasema mbele ya kambi nzima kwamba hukusafisha chemba, ndiyo maana risasi haikuingia, na kwamba umetaka kuua watu. Asubuhi ukapanda lori la chumvi. Septemba 1995. Ukashushwa Ifakara kwenu, mbele ya watu wa kwenu.

Mimi nilikuwa nyuma yako hatua tatu. Nililiona lile ganda. Mzee alipoinamisha mitutu niliona shaba inang'aa ndani ya tundu la kushoto, na kitoa maganda kiko juu bila kitu. Sikujua maana yake, naapa sikujua, nilidhani na mimi kwamba ni uchafu. Lakini nililiona. Jioni nilipoulizwa nilisema sikuona kitu. Rehema alikuwa tumboni, nilihitaji ule msimu umalizike. Baada ya hapo kila mwaka ilikuwa ngumu zaidi kusema kuliko mwaka uliotangulia, mpaka ikawa kama haikutokea.

Chemba uliisafisha. Nilikuona ukiisafisha usiku wa kuamkia siku ile, ukiimba taarabu zako za Rufiji kwa sauti ya chura. Ungeisafisha kwa maji ya zamzam, ganda lile lingebaki vilevile.

Na ile risasi ya pili iliyokwenda kusikojulikana nayo nimeitafuta. Alhamisi bosi akanipa ruhusa tukaenda shabaha. Mita 50, bunduki kwenye mfuko wa mchanga, karatasi nyeupe. Risasi za kulia zote zimekaa ndani ya ngumi, pale pale ninapolenga. Za kushoto nazo zimekaa pamoja, ila shibiri nzima upande wa kushoto na juu kidogo. Mitutu ya dabo haijawahi kuwa sambamba, hilo nimelijua tangu nianze ufundi. Inaelekeana kwa mbele, kwa sababu ukifyatua wa kulia bunduki inakurusha kulia, ukifyatua wa kushoto inakurusha kushoto, na risasi inatoka wakati bunduki tayari imeanza kukimbia. Fundi anayeilinganisha anafyatua, anaangalia karatasi, anayeyusha lehemu kule mdomoni, anasogeza kikabari cha chuma kati ya mitutu kiasi cha unene wa karatasi, anafyatua tena. Siku nzima, siku mbili. Na anailinganisha kwa risasi ya aina moja tu. Ukiweka yenye mwendo mdogo, inachelewa kutoka, bunduki inakuwa imekimbia zaidi, za kulia zinakwenda kulia na za kushoto kushoto. Ukiweka yenye mwendo mkali zaidi zinapishana. Hii ya Mzee sidhani kama aliyeikata aliimalizia kuilinganisha. Kaulenga wa kulia, wa kushoto kauachia Mungu.

Halafu zile risasi za msimu ule zilikuwa za zamani, za yule mgeni mwenye masharubu, unakumbuka boksi zilikuwa zimepauka? Wawindaji walilalamika sana miaka ya 1970 kwamba baruti ya .458 ilishindiliwa mno ndani ya lile ganda fupi, ikikaa muda mrefu inagandamana na risasi inatoka bila nguvu. Nguvu zilezile za ganda la inchi tatu na robo wamezilazimisha zikae kwenye inchi mbili na nusu, ni kupika ugali wa watu wanne kwenye sufuria ya wawili. Sasa weka mtutu usiolinganishwa, weka na risasi iliyolala. Mbogo yuko hatua sitini. Wewe unahusika wapi hapo?

Samahani, najua unajua. Najisemea mwenyewe.

Kuna jambo jingine linanikera ambalo sijui niliweke wapi. Lile sanduku la ngozi la bunduki, lililokatika bawaba, Mzee akataka kulitupa ukalichukua wewe la kutilia nguo. Mle ndani kulikuwa na maganda mawili matupu, marefu. Siku moja tulijaribu kuyaingiza kwenye dabo kwa mchezo, hayakuingia, Mzee akatokea na kutufokea mpaka mpishi akakimbia jikoni. Tulidhani anaogopa tutaikwaruza. Lakini mtu aliyefoka vile... alikuwa anajua, si ndiyo? Alijua bunduki siyo ile anayoihadithia. Je, na kijino alikijua? Maana miaka ile ya mwisho alikuwa na tabia ya kuchokonoa tundu la kushoto kwa kucha kila akiivunja, tukasema ni mazoea ya uzee. Mzee ameshatangulia, na mimi nimekula chumvi yake muda mrefu. Naishia hapo.

Sasa la huyu binti. Anataka .470, na si chaguo baya. Nilimweleza kijana wake historia yake akafurahi: Waingereza walipiga marufuku .450 kule India mwaka 1907, waliogopa risasi zake zisiishie kwenye bunduki za waasi, ndipo watengenezaji wakakimbilia vipenyo vingine, .470 ikawa mmojawapo na ikashinda wenzake wote. Ina kofia, haihitaji kijino. Inasukuma risasi ya greni 500 bila kuukamua mtambo kama .458 inavyoukamua. Tangu Federal wa Marekani waanze kuitengeneza 1989 haijawa adimu tena. Lakini mitutu mipya haitafanywa hapa, ni kupeleka Birmingham au Ferlach kule Austria, kusubiri, kulipa ushuru kwenda na kurudi, kubadilisha kaliba kwenye leseni, na mwisho wa yote unabaki na mtambo wa 1911 uliochoka. Nimeweka karatasi ya sigara kati ya mitutu na uso wa mtambo nikafunga: inachomoka bila kuchanika. Imeanza kuachia. Ni .458 iliyoifanya hivyo, miaka yote ile ya kusukumwa kwa nguvu ambazo haikuzaliwa nazo.

Mimi nimemshauri kitu kingine, na bosi ananiona nimechanganyikiwa kwa sababu kinatupunguzia hela. Kipenyo cha risasi ya .450 na cha .458 ni kimoja. Ni kimoja! Tofauti ni ganda tu. Kwa hiyo mitutu hii hii, kama chuma cha pale nyuma kinatosha unene, inaweza kuchimbwa chemba ndefu zaidi na kurudishwa kula .450 yake ya asili, ganda lenye kofia, kijino kikatupwa kabisa. Halafu mtambo ukazwe, mitutu ilinganishwe upya na mtu mwenye subira, ijaribiwe kwa shinikizo kabla kijana hajaiweka begani. Risasi za .450 zinatengenezwa tena siku hizi. Sisemi itakuwa rahisi. Nasema ikitoka pale angalau itakuwa inasema kweli kuhusu umri wake.

Binti amesema atafikiri. Kijana wake ameninunia, alishawaambia wenzake ni .470.

Ndipo naja kwako. Sanduku lile bado lipo? Kama panya na mafuriko hawajalimaliza, fungua kifuniko uangalie kwa ndani, kulikuwa na karatasi ya duka imegandishwa, rangi ya chai. Naomba mjukuu wako aipige picha, karibu, mchana, siyo kwa tochi. Natafuta namba ya bunduki na mzigo ilioandikiwa. Ikilingana na namba iliyo kwenye mtambo, sanduku na bunduki ni ndugu, na binti atalinunua. Usikubali bei ya kwanza. Na yale maganda mawili marefu, kama shemeji hajayafanya vishikio vya pazia, yapime kwa rula. Yakikaribia milimita 82 na nusu, nitumie moja kwa basi, nimwekee yule kijana mezani aone bibi yake alivyo.

Yote niliyoandika juu ya kijino nimemwambia binti pia. Nilimwita pembeni nikamwonyesha ganda linavyobaki, nikamwambia nani alifukuzwa kwa ajili yake. Alikaa kimya, halafu akauliza, «Saidi wa ile filimbi ya tete?» Kumbe anakukumbuka. Anataka namba yako. Sijampa, nimesema mpaka nikuulize.

Sasa niambie. Nimpe au nisimpe? Athumani unamwona, bado yuko Mang'ula? Paja lake linamsumbua kipindi cha baridi? Aliwahi kukusema vibaya, au yeye siku zote alijua? Maana mimi sijawahi kuthubutu kumuuliza. Wale swala sheshe bado wanashuka ng'ambo ya mto jioni, au mashamba yamekwisha kuwameza? Shemeji aliwahi kuuliza kwa nini uliacha kazi, na ulimjibu nini? Na usiku ule, kabla ya lori, uliponiangalia kule kwenye mahema, ulikuwa unajua kwamba nimeliona lile ganda?

Hilo la mwisho unaweza usilijibu kwenye simu. Andika. Au ukija mwezi wa saba kumwona mwanao, pitia hapa karakana, nitakuwa bado nimeiacha kwenye meza. Uivunje mwenyewe.

Wako,
Mrisho

N.B. Ukituma lile ganda usiliache wazi kwenye mfuko, lifunge ndani ya mchele. Makondakta siku hizi wanapekua. Na mchele wenyewe usirudishiwe.